ASKARI KATIKA KITI CHA MKUU WA UJASUSI

Mwezi wa Agosti mwaka 2014, Meja Jenerali Michael Gichangi, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Ujasusi ya Taifa nchini Kenya, alijiuzulu, akieleza kwamba ana sababu zake binafsi. Rais Uhuru Kenyatta akalipeleka Bungeni jina la askari mwingine, Meja Jenerali Philip Wachira Kameru, ambaye wakati huo alikuwa Mkurugenzi wa Ujasusi wa Kijeshi. Wabunge walimhoji, wakamkubali, naye akaishika kazi hiyo mpaka mwaka 2023.

Meja Jenerali Kameru alikuwa askari wa tatu mfululizo kukalia kiti hicho. Wa kwanza alikuwa Brigedia Wilson Boinett, aliyekabidhiwa kazi katikati ya miaka ya 1990. Wa pili alikuwa Gichangi, afisa wa Jeshi la Anga, aliyeanza mwaka 2006. Kwa muda wa zaidi ya robo karne, macho ya Serikali ya Kenya yalikuwa chini ya watu waliolelewa katika kambi za jeshi. Kabla yao kiti hicho kilikuwa cha polisi.

Badiliko hilo halikupigiwa tarumbeta, maana kazi ya ujasusi haitangazwi sokoni. Lakini hapana raia asiyeguswa nalo. Mkulima anayeleta viazi vyake Nairobi, karani anayeshuka katika basi asubuhi akielekea ofisini, na mzazi anayempeleka mtoto chuoni, wote hao usalama wao hutegemea kwamba kuna mtu mahali fulani anayeangalia. Na uhuru wao hutegemea kwamba mtu huyo anajua mipaka ya kazi yake.

KAZI YENYEWE

Mkulima wa mtama au wa mpunga anajua faida ya dungu. Mavuno yanapokaribia hujenga jukwaa la miti katikati ya shamba, akampandisha kijana mwenye macho makali. Kijana huyo hapewi mkuki. Kazi yake ni kuona: nguruwe wanatokea upande gani, ni wangapi, na ni wakati gani. Akiisha kuona hupiga kelele, na wenye mikuki na mbwa walio chini hukimbilia upande huo.

Mambo matatu yaweza kuuharibu ulinzi wa namna hii. La kwanza, kijana asinzie. La pili, apige kelele, lakini wenye mikuki wasiamke. La tatu, ashuke dunguni, achukue mkuki mwenyewe, aanze kuwachoma majirani wapitao njiani kwa kuwadhania kuwa ni wezi. Historia ya ujasusi nchini Kenya ni historia ya makosa hayo matatu, na ya jitihada za kuyarekebisha.

Jeshini somo hili hufundishwa mapema. Katika kikosi cha mizinga, wale wanaofyatua mzinga aghalabu hawamwoni adui hata kidogo. Yuko nyuma ya kilima, maili kadhaa mbali nao. Anayemwona ni mtazamaji aliyetangulia mbele na darubini, ramani na redio. Mtazamaji huyo hasemi tu kwamba adui ni wengi au kwamba hatari ni kubwa. Hutaja mahali kwa tarakimu za ramani, hungoja kombora lianguke, kisha huwaelekeza wenzake wasogeze kulia au kushoto, mbele au nyuma. Habari isiyo na mahali wala saa haimfai mpiga mzinga. Tena mtazamaji akikosea hesabu, kombora laweza kuwaangukia watu wake mwenyewe.

Kwa hiyo askari akihamishiwa ujasusi huja na mazoea fulani: kuheshimu ngazi za amri, kupima habari kabla ya kuipeleka, na kutofautisha kati ya anayetazama na anayefyatua. Swali ni kama mazoea hayo yanatosha pale ambapo adui hakuvaa sare, naye anakaa katikati ya raia.

TANGU SIKU ZA SPECIAL BRANCH

Idara ya ujasusi ya Kenya ilizaliwa ndani ya polisi. Mwaka 1952, mwaka uleule ambao Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari, Serikali ya kikoloni iliunda tawi la polisi lililoitwa Special Branch. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwafuatia wapiganaji wa Mau Mau na kuvichunguza vyama vya Waafrika. Ofisa wake mmoja, Ian Henderson, ndiye aliyeongoza msako uliomalizika kwa kukamatwa kwa Dedan Kimathi mwezi wa Oktoba mwaka 1956. Serikali huru ilimfukuza Henderson nchini mwaka 1964.

Lakini chombo chenyewe kilibaki. Mwaka 1963 kilitengwa na polisi na kupewa kazi ya kutazama mambo ya ndani na ya nje ya nchi. Mwaka 1965 James Kanyotu alifanywa mkuu wake, naye alikaa hapo mpaka mwaka 1991, akiwatumikia Rais Jomo Kenyatta na Rais Daniel arap Moi. Raia wengi walilijua jina lake, lakini waliopata kuiona sura yake walikuwa wachache. Hapakuwa na sheria iliyosema mkuu wa ujasusi akae miaka mingapi, wala Bunge halikuwa na nafasi ya kumhoji. Baada ya kustaafu, jina lake liliingia katika uchunguzi wa kashfa ya Goldenberg, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ya Goldenberg International.

Mwaka 1982 kosa la pili la dunguni lilionekana waziwazi. Inasimuliwa kwamba siku chache kabla ya jaribio la kuipindua Serikali, Kanyotu alikuwa amekwisha kupata majina ya askari wa Jeshi la Anga waliokuwa wakipanga njama, akaomba ruhusa wakamatwe, lakini jambo likaahirishwa. Siku ya Jumapili, tarehe 1 Agosti, waasi waliiteka Sauti ya Kenya jijini Nairobi na kutangaza kwamba wameshika madaraka. Askari watiifu, wakiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, waliwashinda siku hiyohiyo. Hata hivyo watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa, na maduka ya katikati ya jiji yalikuwa yameporwa.

Kelele zilipigwa, lakini mikuki haikuinuka kwa wakati. Ajabu ni kwamba Serikali haikujifunza kuharakisha mikuki. Ilijifunza kumwogopa kila mtu.

VYUMBA VYA CHINI YA NYAYO HOUSE

Mgeni anayefika Nairobi huliona jumba la Nyayo House pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Ni jumba refu la ofisi za Serikali, na maelfu ya watu wameingia humo kuomba paspoti. Chini yake mna vyumba vidogo visivyo na dirisha. Katika miaka ya 1980, hasa tangu mwaka 1986, maofisa wa Special Branch, ambayo mwaka huohuo ilibadilishwa jina ikawa Kurugenzi ya Ujasusi wa Usalama, waliwafungia humo watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa chama cha siri cha Mwakenya.

Waliotoka humo wameeleza mbele ya mahakama na tume yaliyowapata: kupigwa, kunyimwa chakula, kuwekwa uchi katika chumba kilichomwagwa maji sakafuni kwa siku nyingi, kisha kupandishwa ghorofa za juu kuhojiwa na kurudishwa tena chini. Walikuwamo walimu wa vyuo, wanafunzi, waandishi wa habari, wakulima na makarani. Wengi walipelekwa mahakamani jioni, bila wakili, wakakiri, wakafungwa.

Hili ndilo kosa la tatu, na ndilo baya kuliko yote. Mtu mmoja alikuwa mwenye kuona, mwenye kukamata na mwenye kuadhibu. Ofisa wa namna hiyo hana sababu ya kutafuta ukweli, kwa maana anaweza kuutengeneza kwa rungu. Na serikali inayoletewa ukweli wa kutengenezwa ni kipofu, ijapokuwa ina macho elfu. Habari nyingi zilizotolewa katika vyumba vile zilikuwa maneno ya watu waliotaka mateso yaishe.

Mwaka 2003 Serikali ya Rais Mwai Kibaki iliifungua milango ya vyumba hivyo, na raia wakaingia kuviona. Katika miaka iliyofuata Mahakama Kuu iliwapa fidia wengi wa walioteswa humo.

BRIGEDIA BOINETT NA SHERIA MPYA

Brigedia Boinett alipohamishwa kutoka jeshini, alikuta idara yenye jina baya kwa raia. Baada ya Kanyotu, kiti kilikuwa kimeshikwa kwa miaka michache na William Kivuvani, naye mtu wa polisi. Kwa hiyo kuletwa kwa ofisa wa jeshi kulikuwa namna ya kukata uzi wa zamani.

Kabla kazi hiyo haijafika mbali, msiba mkubwa ukatokea. Tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi ya Ijumaa, gari lililojaa baruti lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani, penye pembe ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Jumba la Ufundi lililokuwa jirani likaporomoka. Katika Nairobi walikufa watu 213, Wamarekani 12 miongoni mwao, na wengine maelfu wakajeruhiwa, wengi wakipofuliwa na vioo vya madirisha. Waliouawa zaidi walikuwa makarani, wanafunzi wa uhazili, abiria wa mabasi na wapita njia. Siku hiyohiyo bomu jingine liliua watu 11 mjini Dar es Salaam.

Dalili zilikuwapo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwezi wa Agosti 1997, wapelelezi wa Marekani pamoja na polisi wa Kenya waliipekua nyumba ya Wadih el-Hage jijini Nairobi, mtu aliyekuwa karibu na Osama bin Laden, wakachukua kompyuta yake. Balozi Prudence Bushnell naye alikuwa amewaandikia wakuu wake huko Washington kwamba jengo la ubalozi lilikuwa karibu mno na barabara. Kila mmoja alishika kipande cha habari, ila hapakuwa na mtu aliyeviunganisha vipande hivyo vikawa picha moja.

Mwaka huohuo wa 1998 Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Idara ya Taifa ya Ujasusi wa Usalama, na mwaka 1999 idara hiyo ikaanza kazi, Boinett akiwa Mkurugenzi Mkuu wake wa kwanza. Kwa mara ya kwanza ujasusi wa Kenya ulikuwa na sheria yake yenyewe iliyotungwa na Bunge. Mkurugenzi Mkuu aliwekewa kipindi cha miaka 5, ambacho chaweza kurudiwa mara moja tu. Jambo kubwa zaidi ni kwamba maofisa wake waliondolewa uwezo wa kukamata watu. Kazi yao ikawa kukusanya habari, kuzichambua na kuwapelekea wanaohusika. Pingu zikabaki kwa polisi.

Kijana wa dunguni alikuwa amenyang'anywa mkuki. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini lilileta swali jipya: je, walio chini watamsikia?

HABARI ZILIZOFIKA ZISIFANYIWE KAZI

Jibu lilikuja katika siku za Meja Jenerali Gichangi. Uchaguzi wa mwezi wa Desemba mwaka 2007 ulifuatwa na ghasia ambazo Kenya haikuwa imepata kuziona tangu uhuru. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza jambo hilo mwaka 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Tume hiyo iliona kwamba idara ya ujasusi ilikuwa imebashiri hatari mapema na kupeleka habari kwa wakuu wa usalama. Lakini habari hizo hazikugeuzwa kuwa mpango. Barua ilifika, ikafunguliwa, ikawekwa katika faili.

Karani yeyote anaelewa jambo hili. Barua yaweza kuandikwa vizuri, ikatiwa muhuri na kufikishwa kwa mwenyewe, lakini ikiwa haisemi nani afanye nini na kabla ya siku gani, itakaa katika kikapu cha mezani mpaka vumbi liifunike. Na mara nyingi walioletewa habari hulalamika kwa upande wao kwamba walichopewa ni onyo la jumla tu, lisilotaja mahali wala siku. Hapo ndipo mfano wa mtazamaji wa mizinga unapoingia: kumwambia mpiga mzinga kwamba adui yuko nyuma ya vilima si kumwambia kitu.

Katiba mpya ya mwaka 2010 ilijaribu kutengeneza uhusiano huo. Ilivitaja vyombo vitatu vya usalama wa taifa, yaani majeshi ya ulinzi, idara ya ujasusi na polisi, ikaviweka vyote chini ya raia, ikavikataza kupendelea chama chochote cha siasa. Sheria ya Ujasusi ya mwaka 2012 ikaongeza kwamba ofisa wa ujasusi asimtese mtu, asifanye kazi ya polisi, wala asitumikie chama. Iliamuru pia kwamba jina la Mkurugenzi Mkuu lipelekwe Bungeni kukubaliwa, ikaunda na bodi ya kupokea malalamiko ya raia.

Sheria ilikuwa nzuri, lakini mtihani wake ulifika kabla wino haujakauka. Siku ya Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2013, watu 4 wenye bunduki waliingia katika jumba la maduka la Westgate, mtaa wa Westlands, upande wa magharibi wa jiji. Familia zilikuwa zikinunua mahitaji yao. Shambulio lilidumu siku 4, na watu 67 waliuawa. Kamati ya Bunge iliyochunguza ilisema kwamba habari za jumla za kutazamiwa shambulio jijini zilikuwako. Msiba uliongezwa na jambo jingine: polisi na wanajeshi waliingia jumbani bila amri moja, na kamanda wa kikosi maalumu cha polisi akauawa kwa risasi ya upande wake mwenyewe. Wenye mikuki walikuwa wameamka, ila walikuwa wakigongana gizani.

MIAKA TISA YA MEJA JENERALI KAMERU

Ndipo Meja Jenerali Kameru alipoitwa. Alitoka katika ujasusi wa kijeshi, ambao kazi yake ni kuyatumikia majeshi, na makao makuu ya majeshi hayo yapo Ulinzi House, barabara ya Lenana, mtaa wa Hurlingham, katika upande uleule wa magharibi wa jiji. Alihamia katika makao makuu ya ujasusi yaliyoko Ruaraka, kando ya barabara ya Thika. Kwa gari ni safari fupi, lakini kazi hizi mbili hazilingani. Ofisa wa ujasusi wa kijeshi humwambia kamanda mmoja, na kamanda hutoa amri. Mkurugenzi Mkuu wa taifa huwaambia Rais, mawaziri, polisi, maofisa wa uhamiaji na watawala wa wilaya, ambao kila mmoja ana mkubwa wake, bajeti yake na wivu wake.

Mwezi wa Desemba mwaka 2014 Bunge lilipitisha, katikati ya fujo, sheria ya kuongeza nguvu za vyombo vya usalama. Mwezi wa Februari mwaka 2015 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu 8 vya sheria hiyo kwa kuwa vilipingana na Katiba. Hilo lenyewe lilikuwa dalili kwamba nchi ilikuwa imebadilika. Katika siku za Nyayo House hapakuwa na jaji aliyethubutu kuandika hukumu kama hiyo.

Wiki chache baadaye likatokea jambo la Garissa. Katika siku za mwisho za Machi, Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwatahadharisha wanafunzi wake kwamba vyuo vyaweza kushambuliwa. Tarehe 2 Aprili 2015, kabla ya mapambazuko, magaidi wa Al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kikosi maalumu cha polisi kilikuwa karibu na Nairobi, nacho kilifika Garissa mchana, baada ya saa nyingi. Watu 148 waliuawa, karibu wote wanafunzi. Wazazi walikuja Nairobi kuzitambua maiti za watoto wao.

Katika msiba huu, kama katika ule wa mwaka 2007, onyo lilikuwako. Kilichokosekana kilikuwa ndege, amri na haraka. Mkuu wa ujasusi hawezi kuamuru ndege iruke. Lakini anaweza kuhakikisha kwamba anayeweza kuamuru anajua jambo gani linakuja, wapi, na kwa nini haliwezi kungoja. Tangu hapo, shauri kubwa la usalama nchini Kenya likawa kuvifanya vyombo mbalimbali vikae meza moja.

Tarehe 15 Januari 2019 shauri hilo lilipimwa. Alasiri, washambuliaji 5 waliingia katika majengo ya hoteli ya DusitD2, Riverside Drive, mwendo mfupi tu kutoka Westgate. Mmoja alijilipua, wengine wakaanza kupiga risasi. Safari hii polisi walifika mapema, kazi iliongozwa kwa utaratibu, na watu wakatolewa jengo baada ya jengo usiku kucha. Asubuhi ya pili washambuliaji wote walikuwa wameuawa. Watu 21 walipoteza maisha, na hiyo ni idadi ya kusikitisha. Lakini zaidi ya 700 walitolewa wakiwa hai. Aliyeiona Westgate na kuiona Riverside hakuweza kukana kwamba wenye mikuki walikuwa wamejifunza kwenda pamoja.

Jambo lililofuata halikutangazwa sana, nalo lina maana vilevile. Njia za simu na za fedha zilizotumiwa na wahalifu zilifuatwa hatua kwa hatua, washukiwa wakafikishwa mahakamani, wakapewa mawakili, mashahidi wakasikizwa kwa miaka. Mwezi wa Juni mwaka 2025 Mahakama Kuu iliwahukumu watu 2 kifungo cha miaka 30 kila mmoja kwa kuwasaidia washambuliaji. Hivyo ndivyo habari ya siri inavyotakiwa kusafiri: kutoka kwa anayeona, kwenda kwa anayekamata, kwenda kwa anayeamua, kila mmoja akifanya kazi yake wala asichukue ya mwenzake.

Isidhaniwe kwamba miaka hiyo 9 haikuwa na doa. Mwaka 2015 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti iliyoeleza habari za watu waliouawa na waliotoweka katika msako wa magaidi, ikavilaumu vyombo vya usalama. Familia nyingi za Pwani, za Kaskazini Mashariki na za mitaa ya Nairobi hazikupata jibu. Kila mtu anayetoweka bila kufikishwa mbele ya hakimu hurudisha kivuli cha vyumba vile vya chini, na huwafanya jamaa zake wanyamaze siku ambayo taifa linahitaji waseme.

KITI CHARUDI KWA MWANASHERIA

Mwezi wa Juni mwaka 2023 Meja Jenerali Kameru alikabidhi kazi. Aliyefuata hakuwa askari. Rais William Ruto alimteua Noordin Haji, mwanasheria ambaye alikuwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na ambaye hapo nyuma alikuwa amepata kutumika katika idara hiyo hiyo ya ujasusi. Bunge likamhoji na kumkubali, kama lilivyomhoji na kumkubali Kameru.

Hivyo kiti kimekaliwa na polisi, kikakaliwa na wanajeshi, na sasa kina mwanasheria. Polisi hujua wahalifu. Askari hujua nidhamu na ngazi za amri. Mwanasheria hujua ushahidi. Kila mmoja huja na elimu yake, na kila mmoja ana upofu wake. Polisi aweza kumwona kila mtu kuwa mhalifu. Askari aweza kumwona kila mpinzani kuwa adui. Mwanasheria aweza kungoja ushahidi uliokamilika huku hatari ikiwa imekwisha kufika mlangoni. Kwa sababu hiyo nchi haiwezi kutegemea tabia ya mtu mmoja, awe mwema kiasi gani. Yapasa itegemee sheria inayomwekea mtu huyo muda, mipaka na watu wa kumwuliza.

FUNGU LA RAIA

Raia naye ana fungu lake, kwa maana hapana idara yenye macho ya kutosha kuona kila kichochoro. Tangu mwaka 2013 Serikali ya Kenya imehimiza mpango wa Nyumba Kumi, ili majirani wajuane na waweze kupeleka habari kwa wakuu wao. Mpango huo hufaa pale ambapo watu wanaaminiana. Pale ambapo hutumiwa kulipiza visasi vya mipaka ya mashamba, deni au wivu, hugeuka kuwa fitina, na fitina ndiyo iliyowajaza watu katika vyumba vya Nyayo House.

Anayepeleka habari na aseme aliyoyaona kwa macho yake: mahali, siku, saa, gari la namna gani, watu wangapi. Aseme pia asilolijua. Asiongeze kabila la mtu wala dini yake kana kwamba hayo ni ushahidi. Na anayepokea habari, awe chifu, polisi au karani wa ofisi ya Serikali, ajue kwamba karatasi iliyo mbele yake yaweza kuwa na uhai wa watu ndani yake. Aitie tarehe, aipeleke inakotakiwa, kisha aulize imefanyiwa nini. Baada ya misiba ya mwaka 2007, ya Westgate na ya Garissa, hapana ofisa nchini Kenya anayeweza kusema kwamba hakujua gharama ya kuiacha karatasi hiyo mezani.